Mbwa mdogo akichechemea Uvira, goti lake umkabidhi nani?

Uvira haina upungufu wa watu wanaoitwa dokta wa wanyama. Bonde la Ruzizi lina ng'ombe kuanzia Kiliba na Sange mpaka Luvungi na Kamanyola, na huku kusini, kwenye vilima vya nyuma ya Makobola na Swima, mbuzi wapo tele. Kazi ya veterinera wetu imejengwa juu ya wanyama hao: kuchanja, kutibu minyoo na homa za kupe, kumsaidia ng'ombe aliyekwama kuzaa, kukagua nyama kwenye machinjio. Wengi wanaifanya vizuri, na kwa malipo madogo. Lakini mpelekee mbwa wa kilo tano anayekunja mguu wa nyuma kila baada ya hatua chache, umwambie goti linataka kupasuliwa, na hapo umemwomba kazi nyingine kabisa. Pia ya goti la mbwa huyo ina ukubwa wa harage. Kisu kikienda kombo milimita mbili, mbwa ataishi na kosa hilo mpaka afe.

Wapo watakaouliza: watu wenyewe hawapati tiba, mbwa wa nini? Swali hilo nalisikia na silidharau. Ila mbwa huyo analinda nyumba usiku, watoto wanamlalia kifuani mchana, na mnyama mwenye maumivu ya kudumu huuma hata mkono unaomlisha. Aliyekubali kumfuga amekubali na magonjwa yake. Makala haya ni yake.

Kabla ya kutafuta daktari wa upasuaji, hakikisha kwanza kwamba ugonjwa ni wa goti. Hapa kwetu mbwa akichechemea, mshitakiwa wa kwanza awe kupe. Kupe wa mbwa huambukiza vijidudu vya erlikia, ambavyo huleta homa, uchovu na maumivu ya viungo, hata mbwa akachechemea mguu huu leo na mwingine wiki ijayo. Ubaya zaidi, ugonjwa huo hupunguza vigandisha damu. Mbwa wa namna hiyo akipasuliwa goti kwa kudhaniwa ameumia, anaweza kuvuja damu mezani mpaka akafa, na watu wakasema ni dawa ya usingizi. Tiba yake ni vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa, si kisu. Mwiba kwenye nyayo, kucha iliyopasuka na nyonga iliyoteguka baada ya kugongwa na pikipiki navyo huonekana kwa mbali kama ugonjwa wa goti. Daktari asiyeangalia nyayo na ufizi wa mbwa kabla ya kushika goti ameanza vibaya.

Goti likiwa ndilo lenye tatizo, mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni pia kutoka kwenye mfuo wake. Hili ni la mbwa wadogo hasa, wale wenye manyoya marefu wanaoletwa kutoka Bujumbura au wanaoachwa na wafanyakazi wa mashirika wakihama. Mbwa wetu wa kienyeji, jamaa za basenji wa misituni, hawalipati sana. Utaliona hivi: mbwa anakimbia uwanjani, ghafla anainua mguu mmoja wa nyuma, anaruka kwa miguu mitatu hatua mbili tatu, anaunyoosha mguu nyuma, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hajalia. Kesho anarudia. Hapo pia imeteleza kuelekea ndani ya mguu na kurudi yenyewe. Mara nyingi magoti yote mawili yana kasoro hiyo, hata kama unaona moja tu.

La pili ni kukatika kwa kano iliyo ndani ya goti, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Mbwa mwenye hili hachezi. Anasimama kwa ncha ya vidole, akiketi anatupa mguu pembeni, na baada ya wiki chache paja la upande huo linakonda. Mbwa mnene wa makamo ndiye mwathirika wa kawaida, na unene huo tunaujua unakotoka: bugali wa jioni, mabaki ya mukeke, na mtoto wa jirani anayemrushia ndagala kila akipita.

Sasa lifuatalo ndilo ningependa msomaji alishike kuliko yote: goti la mbwa mdogo si dharura, na mara nyingi halihitaji kisu. Madaktari hugawa kutoka kwa pia katika madaraja manne. Daraja la 1, pia hutoka ikisukumwa tu na kidole na hurudi palepale, huyo hapasuliwi. Daraja la 2, hutoka na kurudi yenyewe. Huyo hupasuliwa ikiwa anachechemea mara kwa mara na ana maumivu. Daraja la 3 na la 4, pia inakaa nje wakati wote, na hapo upasuaji ndiyo njia, hasa kwa mbwa mchanga ambaye mifupa yake ingali ikikua na inaendelea kupinda kila mwezi unaopita. Kwa upande wa kano, mwaka 1984 daktari wa Kimarekani P. B. Vasseur alichapisha matokeo ya mbwa waliokatika kano wakaachwa bila kupasuliwa, wakapumzishwa tu. Kati ya wale wenye uzito wa chini ya kilo 15, zaidi ya asilimia 80 walipona au walipata nafuu kubwa. Kati ya wakubwa hawakufika asilimia 20. Utafiti ni wa zamani, na madaktari wengi wa leo wangependa kupasua mapema kwa sababu goti lisilotulia huzeeka haraka. Hata hivyo, kwa mtu aliyeko Uvira mwenye mbwa wa kilo sita, hiyo ni habari njema. Inakupa muda: mpunguzie chakula, mfungie wiki sita au nane, mpe dawa sahihi ya maumivu, umtazame. Na katika muda huo unatafuta daktari bila kukimbizwa na mtu.

Kwa hiyo anayekuambia siku ya kwanza, "Mlete kesho asubuhi nimpasue, usipofanya hivyo atakufa mguu," mshukuru, umlipe ya kumwona, uondoke.

Tuje kwa daktari mwenyewe. Neno dokta mjini kwetu linavaliwa na watu wengi. Yupo mwenye diploma ya sekondari ya mifugo, tunayemwita A2. Yupo A1 aliyesoma chuo cha ufundi. Na yupo daktari kamili wa mifugo, aliyekaa chuo kikuu miaka sita, Lubumbashi au Université Catholique du Graben ya Butembo, au aliyesomea ng'ambo ya mpaka. Simdharau A2; kwa mbuzi mwenye tumbo lililojaa hewa saa nane ya usiku, huyo ndiye utakayempata, na atamwokoa. Ila kufungua kiungo, kuchonga mfupa na kumlaza mnyama usingizi wa saa nzima si kazi yake, na A2 mwaminifu atakuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Muulize mtu amesoma wapi na amemaliza mwaka gani. Muulize kwa heshima, kama unavyomuuliza fundi wa mashine ya boti kabla hujampa injini. Mwenye shahada yake huonyesha; asiyekuwa nayo hukasirika.

Hata shahada kamili haitoshi. Daktari anaweza kumaliza chuo bila kugusa goti la mbwa hata moja, kwa kuwa kliniki za mafunzo katika nchi yetu huona mifugo zaidi. Maswali yenye faida ni haya: mbwa wangapi wa uzito huu umewapasua goti kwa mkono wako, wa mwisho ilikuwa lini, na ninaweza kuongea na mwenye mbwa huyo? Mtu aliyefanya kazi hiyo atataja hata walioharibika. Kazi hii ina makosa yake popote duniani. Mwaka 2006 madaktari wa Uingereza, Arthurs na Langley-Hobbs, waliripoti mbwa 109 waliorekebishwa pia za magoti, na magoti 18 hivi katika kila 100 yalipata matatizo baada ya upasuaji. Hiyo ni Uingereza, penye vifaa vyote. Anayekuambia Uvira, Bukavu au Bujumbura kwamba hajawahi kushindwa, ama hajapasua, ama hafuatilii wagonjwa wake.

Siku ya kumwona, acha maneno, tazama mikono. Daktari anayejua magoti atamwacha mbwa atembee kwanza, mbele na nyuma, sakafuni, bila kumgusa. Kisha atamsimamisha na kusimama nyuma yake, apapase miguu yote miwili kwa pamoja, akilinganisha unene wa mapaja. Ataanza na mguu mzima, ili ajue mbwa huyu kwa kawaida yake yukoje. Atamlaza ubavu, anyooshe goti, aisukume pia kwa kidole gumba ndani na nje, taratibu, huku mkono mwingine ukizungusha kidogo unyayo. Kisha atashika mwisho wa mfupa wa paja kwa mkono mmoja na kichwa cha muundi kwa mwingine, ajaribu kuuvuta muundi mbele. Ukienda mbele, kano imekatika. Mbwa mwoga hukaza misuli na kuficha jambo hilo, kwa hiyo daktari mzuri husema, "Sijaridhika, nitampima tena akiwa amelegezwa kwa dawa." Hapo umepata mtu wa kukaa naye. Yule aliyemshika mbwa sekunde kumi mikononi mwa mtoto aliyembeba, akatoa jina la ugonjwa, hajapima kitu.

Ataomba picha ya radio. Radio haionyeshi kano wala gegedu, lakini inaonyesha maji yaliyojaa ndani ya goti, mifupa iliyoanza kuota miiba ya uzee, muundi uliopinda, na pia iliyokaa pembeni. Zinatakiwa picha mbili kwa kila goti, moja ya ubavu na moja ya mbele, magoti yote mawili, mbwa akiwa ametulizwa kwa dawa. Picha moja ya mbwa anayehangaika, iliyopigwa huku watu watatu wamemshika, ni hasara ya pesa na mionzi ya bure kwa waliomshika. Mahali ambapo kliniki ya wanyama haina mashine, madaktari huelewana na mpiga radio wa hospitali ya watu baada ya saa za kazi. Hilo si aibu. Hakikisha tu unaondoka na picha yenyewe, au uipige kwa simu dhidi ya mwanga wa dirisha, kwa sababu picha hiyo ndiyo itakayosafiri kwa WhatsApp kwenda kwa daktari wa pili. Maoni ya pili hayamwudhi daktari mwenye akili. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayeituma picha hiyo.

Ukifika kwenye upasuaji, uliza njia. Kwa pia iliyotoka, kukaza tu nyama na utando wa pembeni hakutoshi isipokuwa kwa kasoro ndogo sana. Kazi kamili kwa kawaida ni kuuchimba mfuo uwe na kina na kukihamisha kipande cha mfupa wa muundi panaposhikilia kano ya pia, kikafungwa kwa pini mahali papya panaponyooka. Kwa hiyo kama hakuna pini, waya wala msumeno mdogo wa mifupa mezani, uliza atafanya nini hasa. Kwa kano iliyokatika, usitishwe na majina makubwa. Kuna upasuaji wa kukata kichwa cha muundi na kukigeuza, ambao Barclay Slocum wa Marekani aliueleza mwaka 1993, na unahitaji bamba, skrubu na msumeno wa duara. Mbwa wa kilo sita anaweza kupata nafuu nzuri kwa njia ya zamani zaidi, ya mwaka 1970: uzi mnene wa nailoni unaopitishwa nje ya kiungo, nyuma ya kifupa kidogo cha paja mpaka mbele ya muundi, kushika kazi ya kano mpaka nyama za pembeni zikomae. Hiyo inawezekana mahali pasipo na mashine za gharama. Lakini daktari lazima afungue goti aangalie kama gegedu la ndani limechanika, kwa sababu likiachwa limejikunja, mbwa ataendelea kuchechemea hata uzi uwe mzuri namna gani.

Kwa maoni yangu, dawa ya usingizi huua mbwa wadogo wengi kuliko kisu. Muulize daktari: nani atamshika mbwa usingizini wakati wewe unapasua? Jibu likiwa "mimi mwenyewe", tafuta mwingine. Watu wawili ndio uchache: mmoja kwenye goti, mmoja kwenye pumzi na moyo, akiandika kila dakika tano. Ketamini ipo kila mahali Uvira kwa sababu hospitali za watu huitumia, na ni dawa nzuri, lakini ikitumika peke yake hukaza misuli na haitoshi kwa kazi ya mfupa. Lazima ichanganywe na dawa ya kulegeza, kama diazepamu au zailazini, na dawa ya maumivu itangulie kabla kisu hakijagusa ngozi. Mbwa awe na sindano ya mshipa iliyobaki mahali pake, na bomba la hewa kooni. Apimwe uzito siku hiyo hiyo kwa mizani, si kwa macho, maana kwa mbwa wa kilo nne kukosea kilo moja ni robo ya dozi. Daktari asikilize moyo. Mbwa wadogo wenye umri mkubwa huwa na vilango vya moyo vinavyovuja. Mwili mdogo hupoa haraka hata kwenye joto letu la ziwani, hivyo chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwe pembeni yake. Na asiletwe akiwa na njaa ya tangu jana mchana, kwa sababu sukari ya mbwa mdogo hushuka upesi. Uliza saa kamili ya kumnyima chakula.

Halafu chumba. SNEL ikikata umeme katikati ya kazi, nini kitawaka? Betri ya sola yenye taa ya kichwa inatosha. Mshumaa na tochi ya simu havitoshi. Maji ya kunawia yanatoka wapi? Katika mji unaoujua kipindupindu kama wetu, swali hilo halihitaji maelezo. Vyombo vichemshwe kwa mvuke wa shinikizo au tanuri kavu, si kulowekwa tu kwenye beseni la dawa. Kidonda cha ngozi kikiingia uchafu kinapona. Goti likiingia uchafu halirudi kuwa goti.

Nisisitize jambo moja la dawa za nyumbani, maana hapa ndipo mbwa wengi wa Uvira wanapoharibikiwa na watu wenye nia njema. Diklofenaki, ile "diklo" inayouzwa kila farmasi kuanzia Mulongwe mpaka Kalundu, si dawa ya mbwa. Ibuprofeni pia si yake. Huchoma tumbo mpaka likatoa damu na huua figo, na kwa mwili wa kilo tano nusu kidonge kinaweza kufanya kazi hiyo. Dawa za familia hiyo zilizopimwa kwa mbwa zipo, kama meloksikamu na kaprofeni, na hutolewa kwa uzito. Mtu anayejiita dokta wa wanyama akimchoma mbwa wako sindano ya diklo, umeshapata jibu la swali lililokuleta kwake.

Ikiwa hapa hukumpata, utasafiri. Bujumbura ni karibu, kilomita zisizofika 30 kupitia Kavimvira na Gatumba. Bukavu ni mbali zaidi, na barabara yake inapanda kona za Ngomo au inazunguka kupitia Rwanda. Vita vya 2025, vilivyoifikia Bukavu mwezi Februari na Uvira mwezi Desemba, vimetuonyesha kwamba njia iliyo wazi leo kesho ina kizuizi. Usipange upasuaji ng'ambo ya mpaka bila kujua mbwa atatolewa nyuzi na nani mpaka ukifungwa ungali huku. Kwa kazi nzito, vyuo vikuu vya ukanda huu vina kliniki zinazofundisha upasuaji wa wanyama wadogo: Makerere ya Kampala, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, na Sokoine ya Morogoro, ambayo kwa mtu wa ziwani si ya kuchekwa, kwa sababu boti kutoka Kalundu hufika Kigoma na reli ya Kigoma hupita Morogoro. Safari ndefu, ndiyo. Mimi nisingempeleka huko mbwa wa daraja la 2. Wa daraja la 4 mwenye miezi sita, na pesa ipo, ningempeleka.

Kuvuka mpaka na mnyama kuna karatasi zake: kitabu cha chanjo chenye tarehe na mhuri, na cheti cha afya kutoka huduma ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV. Nchi unayokwenda nayo inaweza kudai kibali cha kuingiza mnyama, na hicho huombwa kabla, si mpakani. Usimfiche mbwa kwenye mfuko. Akikamatwa bila karatasi, unaweza kumpoteza hapo hapo.

Kuhusu malipo, sitataja bei. Dola inapanda na kushuka. Dai tu bei iandikwe kwenye karatasi kabla, pamoja na vipimo vya damu, radio, dawa ya usingizi, pini, dawa za nyumbani, kutolewa nyuzi, na radio ya mwisho baada ya wiki sita hadi nane. Uliza vilevile nani atalipa pini ikitoka. Nusu ya ugomvi kati ya wenye mbwa na madaktari hutokea hapo.

Kisha kazi inahamia nyumbani, na nasema wazi: daktari bora kabisa ataharibiwa kazi yake na familia isiyoweza kumzuia mbwa. Wiki sita mpaka nane mbwa hakimbii, haruki kitandani, hapandi ngazi, hachezi na mbwa wengine. Kumfunga kamba mtini si mapumziko. Kila pikipiki ikipita ataruka na kuvuta. Mtengenezee kizimba cha mbao ambamo anaweza kusimama, kujigeuza na kulala, basi. Anatoka kwa kamba fupi kwenda kujisaidia, anarudi. Asilambe kidonda. Kama kola ya plastiki haipatikani, chukua bidoni ya njano ya lita tano, kata kitako na sehemu ya shingo, ipasue upande mmoja, uzungushe kingo zote kwa utepe au kitambaa zisimkate, halafu uivishe na kuifunga kwenye ukanda wake wa shingo. Atagonga milango siku mbili, siku ya tatu atazoea. Nyuzi hutolewa siku ya 10 mpaka ya 14.

Kuogelea ni mazoezi mazuri kwa goti linalopona, baada ya kidonda kufunga na daktari kuruhusu, na sisi Mungu ametupa ziwa mlangoni. Lakini mshike kwa kamba, maji ya kina kidogo, penye watu, mbali na mdomo wa Ruzizi. Viboko na mamba hawajui kwamba mbwa yuko kwenye matibabu.

La mwisho ndilo la kuanza nalo wiki hii, hata kabla hujajua goti lina nini: mchanje kichaa cha mbwa. Daktari mwenye busara hataweka vidole vyake kwenye mnyama mwenye maumivu asiyechanjwa, na mpakani hapiti bila cheti cha chanjo hiyo. Fanya hivyo angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Na ikitokea amemuuma mtu wakati wa kupimwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Goti linaweza kusubiri. Kichaa dalili zake zikishaanza hakina dawa.